Siku Wapishi Walipopimwa

Niragira alisimama juu ya kigoda, akauzamisha mwiko ndani ya sufuria, akageuza. Ugali wa wanafunzi mia nne haugeuzwi kwa mikono. Unageuzwa kwa nyonga. Aliegemea kushoto, mapaja yake mazito yakamshika imara, akauvuta ule mlima mweupe mpaka upande wa pili. Moshi wa kuni ulimtoa machozi. Hata hivyo alikuwa akiimba.

Aliacha kuimba Elick alipotokea mlangoni. Elick ndiye mtunza stoo wa shule, mtu mwembamba wa miguu na mikono, mwenye kitambi kigumu kilichoingia jikoni kabla yake.

"Mama Ciza, kesho tunaanza kupimwa afya zahanati, wewe na mimi wa kwanza. Mkuu wa shule amesema asiye mzima hashiki tena mwiko." Akamtazama kuanzia kiunoni kwenda chini. "Wewe anza tu kuyaaga masufuria."

Wapishi walicheka. Niragira naye akacheka, maana Elick alikuwa mtu wa utani na hakuwa na moyo mbaya. Lakini jioni hiyo hakula. Mwiko ule ndio ulikuwa unamsomesha mwanawe Ciza tangu baba yake afariki. Na unene huu hakuutafuta. Alikuwa nao tangu usichana, kama mama yake aliyevuka mto Ruvubu na mtoto mgongoni. Miaka yote watu walimwambia kwamba mafuta yale yatamuua.

Asubuhi, pale zahanati, nesi alikuwa binti mdogo aitwaye Anneth.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipopanda mizani, mshale ulipita mia moja. Niragira akafumba macho. Kwenye benchi, Elick alikohoa. Anneth alichukua tepu kama ya fundi cherehani, akapima kiuno, akaandika. Akapima nyonga, akaandika tena. Kisha presha. Kisha tone la damu kidoleni, akiwa bado hajanywa chai.

"Mama, sukari yako iko vizuri. Presha pia."

"Na huu unene?"

"Mafuta yako mengi yamekaa mapajani na kwenye nyonga. Huko huwa hayana fujo sana. Yanayosumbua zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayolizunguka ini." Akainua kalamu. "Sisemi unene ni dawa, mama. Magoti yako yanabeba mzigo, na kila mwaka urudi nikupime. Lakini kazi unaiweza."

Niragira alitoka nje. Njaa ya jana ilimjia yote mara moja. Alinunua ndizi mbili za kuchoma, akazila akiwa amesimama, taratibu, huku jua likimpiga mgongoni.

Elick alikawia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Sukari kumi na nne, na kawaida haizidi sita," alisema. "Na sijaweka kitu mdomoni. Mimi, Mama Ciza! Mimi nisiyefika hata kilo themanini!"

Niragira alikuwa na utani wa kumrudishia. Alikuwa ameupanga usiku kucha. Akamwona anavyoisoma upya ile karatasi, akaumeza pamoja na ndizi.

"Amesema ufanye nini?"

"Dawa. Soda niache. Wali nipunguze. Na nitembee, kila siku." Alisema neno hilo la mwisho kama mtu aliyeagizwa kuruka.

"Basi tutembee."

"Na pikipiki yangu niliyokuja nayo?"

"Mlinzi wa zahanati yupo. Utaifuata jioni."

Wakaondoka pamoja kuelekea shuleni. Niragira alipunguza mwendo, akazungumzia mambo madogo: maharage mapya ya Rulenge yanavyoiva upesi, Ciza na hesabu zake. Kwenye mlima wa pili Elick alisimama, mikono kiunoni, shati limemlowa.

"Ningoje, dada."

Hakuwahi kumwita dada. Niragira akangoja.

Bondeni ukungu ulikuwa ukiinuka kutoka mashambani. Korongo wawili wenye taji za dhahabu walikuwa wanapita katikati ya mihogo michanga, hatua, kisha hatua nyingine, bila haraka yoyote. Elick aliwatazama mpaka pumzi zikamrudia.

"Hawa wametoka wapi?"

"Wapo hapa kila asubuhi," alisema Niragira.

Mmoja alikunjua mabawa, akayakunja tena, akaendelea kutembea.