Mfuko wa Bolo

"Imekataa tena," alisema Nohemí, akiitazama kadi yake kama anayemtazama punda aliyegoma kuvuka mto.

"Benki inataka nini, bibi?" aliuliza Leocadia, dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu, macho yake barabarani. Puebla ilikuwa imejaa magari Jumapili ile.

"Imetuma tarakimu za kuthibitisha kwenye namba yangu ya kwetu Kolombia. Na namba hiyo huku Meksiko imekufa. Mwanangu, kitendawili!"

"Tega."

"Nyumbani ananiitikia, ugenini ananikana."

"Kadi!" Leocadia alicheka. "Basi lipa taslimu, bibi. Hata hiyo kampuni inakubali."

Nohemí hakucheka. Mapajani alipakata mfuko wa kitambaa uliojaa sarafu za Meksiko, na hela nyingine hakuwa nayo. Sarafu zile zilitoka kwenye pasi. Miaka na miaka alinyoosha mashati ya watu kule Cali, mvuke ukimpanda usoni, mpaka nauli ya ndege ikatimia, na hela iliyobaki akaibadilisha kuwa hizi. Lakini hizi zilikuwa za bolo, sarafu za kurushiwa watoto siku ya ubatizo. Yeye ndiye mama wa ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyeolewa huku Puebla. Padre akishamaliza, watoto watamzunguka mlangoni wakipiga kelele, naye atawarushia. Mkwe mwenzake, mama wa mume wa binti yake, atakuwa pale pale, akipima uzito wa mkono wake. Juzi alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya asali, "Usijisumbue, dada. Bolo tutatoa sisi."

"Bolo ni langu," Nohemí alimjibu. Na kupokelewa kituo cha basi pia akakataa.

Gari lilisimama ng'ambo ya kanisa. Kwenye ngazi, mwanamke mwenye kofia pana aliinua shingo.

"Ndiye huyo mkwe mwenzako uliyenisimulia njiani?" Leocadia alinong'ona. "Nimwite atulipie?"

"Thubutu! Nimepiga pasi maisha yangu yote, leo nishuke garini nikiombewa nauli?"

Akafungua mfuko, akaanza kutoa sarafu. Kila konzi moja ilipotoka, mfuko ulilegea. Leocadia akageuka, akaufunika kwa kiganja.

"Hizo haziguswi, bibi. Unataka bolo lipungue, mtoto akue na mkono wa birika? Wewe ni abiria wangu wa kwanza leo. Nipe moja tu, kwa mkono wako. Hela ya kwanza ya siku, sisi wa huku tunajipigia nayo ishara ya msalaba, siku ifunguke. Kadi ingekubali, ningeshika nini?"

"Sipandi bure mimi."

"Na mimi sipunguzi bolo la mtu."

Wakatazamana, kila mmoja na shingo yake ngumu. Kisha macho ya Nohemí yakashuka kwenye kola ya dereva.

"Hiyo kola imetafunwa na ng'ombe?"

"Pasi yangu mbovu, bibi."

"Mbovu ni mkono, siyo pasi. Kesho niletee mashati yako yote kwa binti yangu, iwe ndiyo nauli. Yatasimama yenyewe, bila mtu ndani."

"Na ya mume wangu?"

"Kama anastahili."

Leocadia alipokea sarafu moja, akajipiga nayo ishara ya msalaba, akaibusu. Simu ikauliza kama abiria amelipa. Akabonyeza: ndiyo.

Nohemí akanyoosha gauni lake kwa viganja, akavuka barabara bila haraka. Mfuko ulimgonga pajani, ukilia kila hatua, na kwenye ngazi za kanisa vichwa vya watoto vikaanza kugeuka, kimoja kimoja.