Kanuni ya Nne

Miwani ya kinga iliishia meza ya tatu. Mwanvita alikuwa meza ya tano, karibu na dirisha linalotazama milima ya Uluguru. Alipomwona Bi Felista, fundi wa maabara, akirudi mbele na boksi tupu, alinyoosha mkono.

"Bi Felista, huku hatujapata."

"Imekwisha. Anzeni tu. Wa mbele wakimaliza mtapokezana."

"Lakini kanuni inasema…"

"Kanuni naijua, mwanangu. Unataka kutoka? Mlango ule pale. Ila Dokta kasema anayekosa praktikali ya leo anarudia somo zima. Mimi sikuitunga."

Mwanvita hakutoka. Hakuna aliyetoka. Mwaka wa kwanza alimwona mwenzake mmoja akifungasha godoro arudi kwao kwa sababu alikwenda kuzika, akarudi bila cheti cha kifo. Yeye alikuwa binti wa kwanza wa ukoo wao, kule juu ya Bigwa, kufika chuo kikuu. Shangwe walizompigia siku ya kuondoka bado zilikuwa zinamwelemea mabegani. Alifunga vifungo vyote vya koti, akageuza uso pembeni kadiri alivyoweza, akaanza kupima.

Luqmani, mwenzake wa meza, alikuwa na haraka. Badala ya kumimina tindikali kwenye maji kidogo kidogo, alimimina maji kwenye bika ya kioo yenye tindikali.

Bika ilichemka mara moja, ikatema.

Mwanvita hakupiga kelele mwanzoni. Alidhani amepigwa kofi. Kisha moto ukaingia ndani ya jicho la kushoto, akaanguka magotini huku akimlilia mama yake. Luqmani alikimbilia bomba, akalifungua. Bomba likakohoa hewa. Akafungua la pili, na la tatu. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana, na kule dirishani mvua ilikuwa inanyesha mlimani, nyeupe kama shuka.

Bi Felista alileta ndoo ya kupigia deki. Wakamwosha kwa maji hayo.

Hospitalini daktari alimwinulia kope, akatazama kwa muda, akaishusha taratibu. Alisema mboni imeungua. Mama yake, Mwaisha, aliteremka kutoka shamba na matope miguuni, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuuliza lolote juu ya jicho.

"Watakufukuza?" aliuliza.

"Kwa nini wanifukuze, mama? Mimi ndiye niliyeumia."

Mwaisha alitazama bandeji, akamvutia shuka hadi mabegani.

Wiki ya tatu Mwanvita aliitwa idarani, na mzazi wake. Kwao mwenye sauti ni mjomba, kwa hiyo alikuja Mjomba Kibwana, mzee wa mvi, kanzu yake imepigwa pasi hadi ikasimama. Mkuu wa idara, Dokta Castory, alikuwa mtu wa umri wa mwanawe wa tatu. Mzee alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaeni."

Mwanvita alihisi aibu kuliko siku alipojitazama kwenye kioo mara ya kwanza.

"Kanuni ya nne," Dokta Castory alisema. "Hebu tusomee."

Mwanvita aliijua kwa moyo. "Mwanafunzi haruhusiwi kugusa kemikali bila miwani ya kinga."

"Uligusa?"

"Miwani iliisha, Dokta. Tulimwambia Bi Felista."

"Nimeuliza kitu kimoja. Uligusa, hukugusa?"

"Niligusa."

"Na sahihi ya kukubali kanuni ni ya nani?"

"Yangu. Lakini Dokta, kabatini imo miwani mipya. Maboksi mawili. Wote tunayaona kupitia kioo."

Bi Felista, aliyekuwa amesimama kando ya mlango, aliinama kutazama vidole vyake. Dokta Castory hakukasirika. Alivuta kiti chake karibu, akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa.

"Ile ni ya wageni wa ithibati, wakaguzi wa vyuo. Wakija wakute vifaa vimekamilika. Wasipovikuta wanaifunga idara, na nyote mnakwenda nyumbani. Ungependa wenzako mia mbili warudi nyumbani kwa ajili yako?"

Waliitwa wanafunzi wa meza ya tano. Luqmani aliingia mwisho. Hakumtazama Mwanvita.

"Nani alimimina?" aliulizwa.

Luqmani alikuwa amekeri masomo mawili, akiyarudia kutoka mwaka uliopita; kosa moja zaidi, angeaga chuo.

"Yeye," alisema.

"Luqmani!" Mwanvita alisimama. "Luqmani, nitazame."

"Kaa chini," Dokta alisema. "Unaona ulivyo? Hata hapa hufuati utaratibu."

Kisha akamgeukia mzee. Alieleza kwamba kosa hili kwa kawaida ni kufukuzwa. Lakini idara ina huruma. Binti akikiri kwa maandishi kwamba alivunja kanuni kwa hiari yake, na kwamba idara haina lawama, ataruhusiwa kurudia mwaka. Tena siku ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza atasimama awaambie wenzake yaliyomkuta, iwe funzo.

"Na jicho, Dokta?" Mjomba Kibwana aliuliza.

"Jicho lipi?"

"La mtoto. Nani analitibu?"

"Mzee wangu, ndiyo maana tunaweka kanuni."

Mjomba Kibwana aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Mwanvita alimsubiri. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumfukuza bwana shamba wa wilaya kwa fimbo, kisa anachosimulia mwenyewe, watu wakishika mbavu kwa kucheka.

"Kubali, mwipwa wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Jicho limekwenda. Na shule nayo iende?"

Alikubali. Mzee akamshukuru Dokta kwa mikono miwili.

Siku ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, ukumbi ulijaa. Mwanvita alipandishwa jukwaani, akaambiwa avue miwani myeusi aliyonunuliwa na mama yake sokoni. Mwanga ukaangukia lile jicho, jeupe kama yai lililochemshwa. Mnong'ono ukapita safu hadi safu. Alisema aliyoamriwa: naitwa Mwanvita, nilivunja kanuni ya nne, kosa ni langu. Mdomo wake ukaendelea wenyewe.

"Miwani haikututosha," alisema. "Tuliomba."

Dokta Castory alikwishamfikia. Alichukua kipaza sauti mkononi mwake bila kuvuta, akitabasamu.

"Mnaona? Hadi leo anatafuta wa kumlaumu. Sayansi haimtaki mtu wa visingizio."

Wakacheka, si wote. Msichana mmoja mwembamba wa safu ya mbele, jina lake Upendo kwenye kadi ya kifuani, akanyoosha mkono.

"Samahani Dokta. Nikikosa miwani siku hiyo, nifanye nini?"

"Hugusi kemikali."

"Na nisipogusa?"

"Hujafanya praktikali."

"Sasa…"

"Linda macho yako, binti. Hayo ni yako, si ya idara. Swali jingine."

Halikuwapo jingine. Karatasi za kanuni zikapita, wakatia sahihi juu ya mapaja.

Mwanvita alirudia mwaka. Luqmani akikutana naye koridoni hubadili njia. Bi Felista alianza kumwita "mama", kwa sauti laini, na kumpangia meza ya kwanza, ambako miwani hufika. Wageni wa ithibati walikuja, wakasifu, wakaondoka.

Asubuhi moja Mwanvita alikuwa anasubiri zamu ya kundi lake nje ya maabara. Mwaka wa kwanza walikuwa ndani, praktikali yao ya kwanza ya tindikali. Alichungulia dirishani kwa jicho lililobaki. Mbele walikuwa wamevaa. Nyuma, meza ya tano, hawakuvaa.

Upendo alikuwa pale. Koti limefungwa vifungo vyote, nywele zimefichwa vizuri ndani ya kofia, kila kitu kama kilivyoandikwa. Alishika chupa kwa mkono wa kulia, akapapasa mdomo wa bika kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaukuta. Akavuta pumzi. Kisha akafumba macho yote mawili, akayakaza, akaanza kumimina.