Karatasi ya Kuruka Luberizi

Dorine aliponionyesha ile sinema kwenye simu yake, kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa mashamba ya mpunga wala maji yanayong'aa katikati yake. Nilimwona Georgette. Alisimama juu ya tuta, amevaa kikwembe cha sikukuu na kitambaa chekundu kichwani, ameinua uso, anapunga mikono miwili kama mtu anayesindikiza askofu. Alionekana mdogo kama punje, lakini nilimtambua. Mtu hafungi kitambaa kama kile kwenda kupalilia.

"Koko, unaona vile iko muzuri?" Dorine aliniuliza.

"Naona."

"Ona mufereji. Koko Georgette anasema miaka yote hakujua maji inapoteaga wapi. Sasa ameona mwenyewe."

"Naona, mwanangu."

Niliona pia kwamba ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza droni yake kuruka, na haikuwa imeruka kwangu.

Dorine ni mtoto wa kijana wangu. Mama yake, binti ya Georgette, alifariki Dorine akiwa na miaka mitatu, na mimi ndiye niliyemlea hapa Kilibula. Georgette ni koko yake, yaani bibi yake, wa upande wa mama, anakaa Luberizi na mpunga wake na ng'ombe wake wawili. Leo Dorine anafundisha jiografia kwenye shule moja ya Kasenga. Ile droni aliinunua kwa furaha yake tu, kama vile wengine wananunua gitaa. Kwetu nyumbani, mtoto akipata kitu chake cha kwanza, anakileta kwa aliyemlea ili akishike kwa mikono miwili na kukibariki. Mshahara wake wa kwanza aliuleta kwangu. Droni pia aliileta, nikaishika, nyepesi kama kifaranga, nikaiombea. Kisha ikaenda kuruka kwa Georgette.

Nilimwuliza kwa nini. Hakunicheka. Tulikuwa tunachambua maharagi, akasogeza ungo katikati yetu, akaanza kuyapanga.

"Hii haragi njo nyumba yetu. Hizi zote ni nyumba za majirani. Hapa ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Burundi. Hapa chini ni bandari. Nikirusha hapa, nitapita juu ya kichwa ya nani?"

"Ya watu."

"Ya watu. Na sheria inakataza kupita juu ya watu na nyumba zao, na karibu ya mupaka, na karibu ya basoda na kambi zao za jeshi. Hewa iko na wenyewe, koko."

"Hewa ni ya Mungu."

"Ni ya Mungu, lakini serikali njo inailinda. Hapa kwetu, muntu akisikia kintu inalia juu ya bati yake, unafikiri atasema ni mwalimu wa jiografia?"

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe ningeingia chini ya kitanda.

Akanionyesha karatasi. Aliifuatilia miezi mitatu, ofisi ya meya, ofisi ya usalama, ofisi ya mambo ya ndege. Ilisema mahali ni pamoja tu, shamba la Georgette, mbali na kambi na mbali na mto Ruzizi ulio mpakani. Jumamosi mbili, kutoka saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Isipande zaidi ya mita makumi tano, isipotee machoni, na mtu wa lokalite, yaani wa serikali ya kijiji, awepo. Na karatasi yenyewe, yenye kashe, muhuri wa ofisi, iwe pale mkononi. Kopi haikubaliki.

"Nikifika bila hii, siruki," alisema. "Nikiruka bila hii, wanakamata mashini, na jina yangu haitapata tena ruhusa."

"Kwa hiyo kule kwa Georgette hakuna watu?"

"Iko mpunga, koko. Mpunga haiendake kushitaki."

Nilicheka naye. Kichwa changu kilikuwa kimeelewa yote. Moyo haukuelewa hata moja.

Siku ya shirika letu la sala la majirani, tulipomaliza kusali, jirani yangu Bernardine aliniegemea mbele ya wamama wote.

"Mama Apollinarie, ile ndege ya mujukuu wako haijue njia ya Kilibula?"

"Iko na sheria."

"Sheria ya nani? Ya Georgette?"

Wamama walicheka. Bernardine si mbaya, wakati wa malaria yangu yeye ndiye alinichotea maji wiki nzima. Lakini neno lile lilirudi nami nyumbani, likakaa nami mezani, likalala nami.

Sasa nieleze jambo la begi. Tangu Dorine alipoanza mwaka wa kwanza wa primeri, mimi ndiye nampangia begi jioni. Daftari, kalamu, andazi. Amekuwa mtu mzima wa miaka makumi mbili na sita, na bado nampangia. Siku hata moja hakufika shuleni akakosa kitu. Ijumaa ile, kabla ya Jumamosi ya pili, nilipanga mashini, batri nne, waya zake, na ile farde ya plastiki yenye karatasi ndani.

Asubuhi, alipokuwa anaoga, nilifungua begi. Nilitoa karatasi kwenye farde, nikaikunja mara mbili, nikaifunga ndani ya fundo la kikwembe changu kiunoni.

Sikutaka mashini ikamatwe. Niliwaza hivi: ataangalia, ataikosa, atatafuta, gari litamwacha, atabaki. Tutakula sombe yangu ya majani ya muhogo. Kesho yake ningeiokota chini ya kabati na kumwambia pole. Georgette angesimama kwenye tuta lake na kitambaa chake, akiangalia mbingu tupu. Hiyo picha niliipenda, sitadanganya.

Dorine alitoka, akachukua begi.

"Umeangalia vyote?" nilimwuliza.

"Weye njo ulipanga, koko. Nitaangalia nini?"

Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kupanda gari.

Nilikaa kwenye kiti. Sombe ilikuwa kwenye moto. Nilimpigia simu, haikupita. Anaizima njiani ili batri isiishe, kwa sababu simu ndiyo inaongoza droni. Nikamwona kwa mawazo akiiweka mashini chini, akiwasha, bila kufungua farde, kwa sababu koko ndiye alipanga. Nikaondoa sufuria motoni, nikatoka kumtafuta Pitchou, motari wa avenue yetu, mwenye pikipiki.

"Luberizi iko mbali kwa kiuno yako, koko," Pitchou alisema.

"Kiuno yangu njo itajua. Twende."

Alikunja gunia akaliweka kwenye kiti chini yangu, akanivisha koti lake. Alienda polepole, na mimi sikuweza kumwambia aharakishe, maana kila polepole yake ilikuwa huruma. Pale Sange alisimama ili ninyooshe miguu, akanifungulia chupa ya maji yeye mwenyewe. Njia nzima nilishika lile fundo.

Tulifika saa tano imepita. Nilimwona Dorine kwanza, amesimama kwenye tuta. Droni ilikuwa chini, kwenye kipande cha turubai, mabawa bado yamekunjwa. Nikapumua. Pembeni, kwenye bido la maji lililogeuzwa, alikaa mwanaume mwenye daftari kwenye goti. Alikuwa Onesphore, mtu wa lokalite. Georgette alikaa kwenye mkeka, mbele yake sahani ya mahindi ya kuchemsha.

"Sikukwambia?" Georgette alimwambia yule mwanaume. "Bamwana amefika."

Bamwana, ndivyo kwao mzazi wa mke na mzazi wa mume wanavyoitana.

"Nilikwambia kama karatasi imebakia nyumbani, huyu mama ataileta hata kwa miguu. Weye ukasema watu wa muji ni waongo."

"Sikusema waongo, mama. Nilisema wanasahauga."

"Ulisema waongo. Kula muhindi."

Nilifahamu baadaye kwamba tangu saa mbili Georgette alikuwa anamshikilia pale. Dorine alikuwa amefungua farde kwa sababu Onesphore aliomba kuona. Alipoikuta tupu, Onesphore alitaka kwenda kuripoti mara moja. Georgette akamletea mahindi, akamwuliza habari za watoto wake mmoja mmoja, mpaka wa saba.

Nilifungua fundo. Karatasi ilitoka na joto la mwili na jasho, lakini kashe haikuwa imefutika. Onesphore aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Iko ya kweli," alisema. "Lakini saa imepita. Leo haitaruka."

"Najua, papa," Dorine alisema.

"Na lazima niandike. Mwenye droni alifika bila karatasi. Njo kazi yangu. Siku ingine wakisoma hii, sijue kama watakupatia ruhusa."

"Andika tu. Kosa ni yangu. Niliisahau ku meza."

Alisema hivyo akiangalia kiuno changu. Dorine anajua fundo langu tangu utoto. Karatasi iliyookotwa mezani inaletwa mkononi. Ndani ya fundo naweka ninachoficha. Alikuwa ameshaelewa yote, na alikubali jina lake lichafuke ili langu libaki safi mbele ya Georgette.

Kalamu ya Onesphore ilikuwa imeshagusa daftari.

"Ngoja, papa," nilisema. "Andika vizuri. Mwenye droni hakusahau. Minye njo niliitoa mu farde."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Wivu."

Onesphore aliangalia daftari lake, kisha akaniangalia mimi.

"Wivu tunaiandikaje mu raporo?"

"Andika vile inaitwa."

Georgette aliweka chini muhindi wake. "Wivu ya nani, bamwana?"

"Yako. Mtoto nimelea minye, lakini kuruka kwake kwa kwanza umeona weye."

Nilingojea anitukane. Ilikuwa haki yake. Alipangusa vidole kwenye kikwembe, taratibu, kimoja kimoja.

"Unajua huyu mutoto akikuya hapa anakulaga nini?" alisema. "Namupikia kuku, anakula kipande kimoja. Namupikia sombe, anasema iko muzuri, koko, lakini ile ya Kilibula wanatiaga mawese mingi. Miaka makumi mbili na tatu nasikia habari ya sombe yako. Nikikufa watanizika nayo."

"Koko, sikusema hivyo," Dorine alisema.

"Ulisema. Hata Pasaka ulisema."

Mungu anisamehe, nilisikia utamu moyoni, pale pale katikati ya aibu. Kisha Georgette akajisogeza mkekani, akanipigia kwa kiganja mahali pa kukaa, akanisogezea sahani. Siku yake ya kuona mpunga wake nilikuwa nimeiharibu, na yeye alichagua muhindi laini kuliko yote, kwa sababu aliona nina meno machache.

Onesphore aliandika. Nilimwomba anisomee. Alikuwa ameandika: "Karatasi ilifika kwa kuchelewa kwa sababu ya mzazi. Droni haikuruka. Mwenye droni aliheshimu sheria." Alifunga daftari, akaomba muhindi mwingine.

Pitchou alikuwa ameshapata mteja wa kurudi naye, nikarudi na Dorine garini. Njiani, pale Runingu, alinigeukia.

"Ungeniambia tu, koko."

"Ningekwambia nini?"

"Kwamba unataka kuiona ikiruka."

Niligusa kikwembe changu pale lilipokuwa fundo.

"Sikutaka kuiona," nilisema. "Nilitaka inione minye."

Aligeukia dirisha. Hakunishika mkono. Wiki mbili zilizofuata alipanga begi lake mwenyewe, mlango umefungwa, na mimi nilikaa jikoni nikisikiliza zipu ikifunguka na kufungwa, kufunguka na kufungwa, mtu anahakikisha.

Kisha akaomba ruhusa ya siku nyingine. Safari hii kulikuwa na karatasi ya kujaza, na ndani yake mstari mmoja wa jina la mtu wa pili, yule anayesimama karibu na mwenye droni na kutazama mbinguni wakati mwenyewe anaangalia simu. Mstari ulikuwa mmoja. Dorine aliandika Georgette. Ni haki, shamba ni lake na macho yake bado ni mazima. Lakini nililiona lile jina limeandikwa kwa mwandiko mzuri niliomfundisha mimi kwenye meza yangu, likanichoma kama pilipili kwenye kidonda.

Alhamisi asubuhi alikuwa na darasa mpaka saa sita. Alinikuta uani, akaninyooshea farde.

"Koko, peleka hii ku ofisi ya meya. Wanaitaka leo."

Hakuhesabu karatasi mbele yangu. Hakugeuka nyuma mlangoni.

Nilitembea na ile farde kifuani, mikono miwili juu yake, hata jua liliponipiga usoni sikuinua mkono. Ofisini nilikaa kwenye benchi saa nzima. Yule binti wa mapokezi, Divine, alinitolea kiti chake chenye mgongo, yeye akafanya kazi amesimama. Zamu yangu ilipofika, alisoma karatasi mpaka kwenye ule mstari.

"Huyu Georgette ni nani wa mwenye droni?"

"Ni koko yake."

"Na weye, mama?"

Yalinijia mengi. Homa za usiku, daftari, andazi, miaka makumi mbili na tatu. Divine alikuwa anangojea, kashe mkononi, na nyuma yangu watu walikuwa wengi.

"Ni koko yake pia," nilisema.

Akapiga kashe, kisha akaipulizia ikauke kabla ya kunirudishia.