Chumvi ya Paskalia

Mdogo wangu Paskalia alikuwa na chango. Kila mwezi, siku zake zilipofika, alijikunja kwenye mkeka na kuuma upindo wa khanga ili asisikike. Tuliishi Kinole, nyumba yake ng'ambo ya kijito na yangu huku, kwa hiyo nilimwona kuliko wengine.

Kwetu wakati ule mwanamke aliye katika siku zake alipika, lakini hakutia chumvi. Akitia, mumewe atashikwa na kikohozi kisichopona. Ndivyo tulivyofundishwa sote tulipokuwa wali unyagoni, tukaamini. Basi Paskalia alisimama mlangoni akaniita, "Dada Yuliana, njoo unitilie." Nami nilivuka maji. Kila aliyeniona navuka alijua kwamba mwezi huo pia hakuna mimba.

Aliyetazama zaidi ni mama mkwe wake, Mama Kristina. Mwaka 1943, mwaka wa sita wa ndoa yao, alimwambia mwanawe Severini mbele ya watu: "Mavuno yakiisha na Yuliana bado anavuka kijito, huyu arudi kwao." Kwao ni kwangu, maana wazazi wetu walikuwa wamekufa. Na ndoa ilikuwa ya kimila tu, si ya kanisani, iliweza kuvunjwa. Paskalia alimpenda sana mume yule. Aliyaogopa mavuno yale kama mtu anavyoogopa njaa.

Nikampeleka kwa Bi Mwajuma, mganga wa mitishamba aliyekaa chini ya mlima. Alimpapasa tumbo polepole, akimwomba radhi kila alipogusa penye maumivu.

"Acha nyama," akasema. "Acha pombe. Na ile nyama ya porini ambayo ninyi Wakristo hamuitaji kwa jina mbele yangu, hiyo iache mara mbili!"

Paskalia akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Kula mboga za majani na ndizi za kuchemsha. Ponda tangawizi, chemsha na mdalasini, unywe asubuhi na jioni kabla siku hazijafika. Zikifika, pasha jiwe moto, lifunge kwa kitambaa, lala nalo tumboni. Lakini sikudanganyi, mwanangu. Haya yanapunguza maumivu. Mtoto siwezi kukuahidi."

Severini mwenyewe ndiye aliyekwenda mtoni kutafuta jiwe. Mawili yalipasuka motoni. La tatu, jeusi, laini kama yai, lilivumilia. Alipanda pia tangawizi nyuma ya nyumba, mistari miwili, na yeye pia akaacha nyama ili mkewe asitamani.

Dawa ikafaa. Mwezi wa kwanza na wa pili aliniita akiwa amesimama wima. Mwezi wa tatu hakuniita. Wala wa nne. Wala wa tano. Mama Kristina akamletea kuku, akawa ananitania njiani: "Yuliana, mbona miguu yako imekauka siku hizi?" Nami nilifurahi, nikaanza kushona kikofia.

Masika yalipokaza, Severini akashikwa na kikohozi. Siku ya tatu alikuwa na homa, hawezi kuinuka. Alfajiri Paskalia akaja kwangu na furushi la nguo kichwani.

"Nimemuua," akasema.

"Nani?"

"Severini. Dada, siku zangu hazijawahi kukatika. Ile tangawizi ilinisimamisha. Nikaona, kama naweza kusimama, nikitia chumvi mwenyewe nani atajua? Nilitaka mavuno yapite tu."

"Amelowa shambani wiki nzima! Kila mtu anakohoa. Hata padre anakohoa."

"Padre hali kwangu," akasema.

Niliamini nusu, na yeye aliona.

Severini alipona baada ya wiki mbili. Akaja akiwa bado amekonda, mkononi ana jiwe lile amelifunga kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, shemeji," akaniamkia. Kisha akamgeukia Paskalia. "Umesahau jiwe lako."

"Umepona?"

"Nimepona. Twende nyumbani."

"Ulikula chumvi yangu, Severini. Miezi mitatu."

"Najua. Jiwe lilikuwa na joto asubuhi. Nitakosaje kujua?"

"Na ukala?"

"Chakula kilikuwa kizuri."

Paskalia akacheka, kicheko kikageuka kilio. "Mimi nilikutazama ukila. Kila tonge nilitazama kifua chako. Siwezi tena. Nenda."

Alikuja mara mbili nyingine, akajibiwa vilevile. Mwaka uliofuata ndugu zake walimwoza mke kutoka kijiji cha Mlali, akahamia huko, akapata watoto. Simlaumu. Kabla ya kuhama aling'oa mistari yake ya tangawizi, akaipanda upya nyuma ya nyumba yangu, mwenyewe, bila kuombwa.

Paskalia alikaa kwangu. Miaka kumi na mitatu nilimpondea tangawizi, nikampashia jiwe, nikamtilia chumvi. Kuna miezi maumivu yalikuwa madogo akaimba. Kuna miezi hakuna kilichosaidia, nikamshika mgongo tu.

Siku moja mwaka 1956 aliweka chungu mbele yangu. "Nimetia mwenyewe."

Nikamtazama.

"Kweli, dada. Zimekoma, miezi mingi sasa. Na maumivu yamekwenda nazo."

Jiwe lilikuwa mlangoni, limezuia mlango usijifunge. Nikachota mboga. Chumvi ilikuwa imezidi. Mkono wake ulikuwa umesahau kipimo.

"Imekolea?" akauliza.

"Imekolea vizuri."

Hakula. Alikuwa ananitazama kifuani. Koo lilinikereketa, nami nikala polepole mpaka mwisho, nikijizuia nisikohoe.