Kiti cha Nashipae

Kwa habari za ng'ombe, Lekishon hakuwa na mpinzani. Akimwona mmoja anacheua taratibu kuliko kawaida, alijua kuna tatizo kabla bwana mifugo hajaitwa. Lakini bintiye Nashipae, wa kidato cha tatu, aliacha kula, akaacha na kwenda shule, tangu bibi yake afariki, naye mzee akaona uvivu tu. Hospitali wakasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kwamba familia nzima ihudhurie ushauri.

Ndipo wakajikuta katika kituo cha ushauri huko Kijenge, baba, mkewe Nosim na binti, mbele ya mshauri aitwaye Prisca.

"Baba Nashipae, kaa kwenye kiti cha mwanao," Prisca alisema. "Useme kama yeye."

Lekishon akahama, akakohoa. "Naitwa Nashipae. Niko fomu tatu. Mimi..." Akakwama. Angeulizwa habari za ndama wake angeongea mpaka jioni. "Mimi ni mvivu kidogo," akamalizia. Binti akageukia ukuta, na mzee akashikwa na aibu ya kweli.

Prisca akawapa kazi: kila jioni Nashipae akikamua, baba akae karibu, asikilize bila kutoa ushauri. Majirani walicheka kumwona mzee mzima kwenye kazi za wanawake. Siku ya kwanza tu akachomekea mahubiri, binti akanyamaza siku tatu. Nosim akamwambia wazi, "Funga mdomo, baba." Akaufunga, na wiki ya pili maneno yakaanza kuja.

Wiki ya saba akarudishwa kwenye kiti kile kile.

"Naitwa Nashipae," alisema. "Asubuhi mwili wangu hauinuki. Si uvivu. Mimi ndiye niliyemkuta bibi amefariki, na hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Baba alinituma tu kuita watu." Akaongeza, "Na napenda chai ya rangi."

"Ya maziwa, baba," Nashipae alisema, akacheka. Nosim alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu msiba.

Kisha binti akainuka bila kuambiwa, akakaa kwenye kiti cha baba yake, akanyoosha mgongo na kukohoa vilevile kama yeye.

"Naitwa Lekishon. Jumatatu binti yangu anarudi shule. Namsindikiza mwenyewe mpaka getini."

Lekishon, akiwa bado kwenye kiti cha mwanawe, alifuta machozi kwa shuka lake bila kuona haya.

"Sawa, baba," akajibu. "Ila usinihubirie njiani."