Kitovu Hakijadondoka

Mtoto wa plasta aliyekuwa akilazwa horini kila Krismasi alivunjika shingo mikononi mwa wanakwaya, basi padri akamwendea fundi seremala amchongee mwingine. Fundi alikubali kabla ya kufikiri, akajuta kabla padri hajafika barabarani.

Karakanani alikuwa amebaki na kipande kimoja tu cha mti wa kufaa, nacho kilibaki alipotengeneza jeneza la mwanawe. Jeneza lenyewe lilikuwa dogo, ndiyo maana mti ulibaki. Hakuwa na moyo wa kuuchoma wala wa kuuuza, akauegemeza nyuma ya mlango na kuupita akitazama kando.

Alianza kuchonga mchana kweupe, jua likiwaka. Patasi ikifanya kazi, kimya. Akiiweka chini tu, mtoto analia, kilio chembamba cha kiumbe ambaye bado hajazijua nguvu za mapafu yake. Fundi alitoka nje akazunguka ukuta mzima. Hapakuwa na mtu. Nywele zikamsimama, akarudi kuchonga, maana kuchonga ndiko kulikomnyamazisha.

Nyumbani mkewe alikuwa akipanga nguo sandukuni. Sikukuu ikipita angekwenda kwa dada yake, na hakusema atarudi lini. Hawakuwa wamegombana. Tangu mazishi waliulizana chumvi iko wapi, nani kafunga mlango, basi. Zile siku chache mtoto alizoishi, majirani walikuwa wameanza kumwita mama kwa jina la mtoto, kisha wakalirudia jina lake la zamani kwa haya, kama watu waliobisha hodi kwenye nyumba waliyoikosea. Fundi alimpenda mwanamke huyu, lakini alirudi karakanani.

Jioni ya mkesha alimpeleka mtoto kanisani. Padri alimgeuzageuza, akafurahi, halafu akakunja uso.

"Fundi, hiki nini hapa tumboni?"

"Kitovu, padri."

Kilikuwa kikonyo cha kitovu kilichofungwa uzi, bado hakijadondoka.

"Watu watacheka! Hebu kikwangue."

Fundi akaitazama patasi aliyokuja nayo mkononi. Hakuwa amefanya mzaha. Alichonga mtoto kama anavyomjua. Wake alizikwa na kikonyo chake, na mtoto mwingine yeyote hajawahi kumwona bila nguo.

"Padri, huyu alizaliwa au alishushwa kwa kamba?"

"Alizaliwa," akasema padri.

Fundi akaiweka patasi chini, na palepale kilio kikaanza. Padri aliendelea kupanga mishumaa kama asiyesikia kitu. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mke wa fundi, miguu mitupu, akihema.

"Nimemfuata," alimwambia mumewe. "Analia tangu juzi. Nilidhani nimerukwa na akili."

"Nami namsikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kwamba ni mimi peke yangu."

Mkewe alipiga magoti kwenye hori, padri alikokuwa amemlaza mtoto. Akakigusa kikonyo kwa ncha ya kidole, polepole, kama alivyokuwa akifanya alipomwogesha mtoto wao. Fundi aligeukia ukuta, machozi yakamtoka.

"Padri, huyu alikuja na mwili kama wetu? Huu unaokufa?"

"Huohuo, mama."

Padri alimwita mama kwa mazoea tu, lakini yeye aliitikia kwa kichwa.

"Alijua utakufa?"

"Alijua."

"Na bado akaja." Kisha akavua kitambaa cha kichwani, akamfunika mtoto hadi kidevuni. "Kitovu chake kiacheni. Kitadondoka chenyewe."

Padri aliwasha mishumaa, kitovu akakiacha.

Kilio hakikukoma. Kilitoka nao kanisani, kikawafuata hadi nyumbani, wakaingia nacho ndani. Sanduku lilikuwa pale kitandani, limejaa. Mkewe alilisukuma upande mmoja, akakaa, akamwonyesha mumewe nafasi iliyobaki.

"Njoo," alisema. "Tumsikilize wote wawili."