Gari Limeuzwa, Bima Imebaki

Dinkar Mahajani aliuza gari lake siku chache kabla ya sikukuu ya Diwali, na kwa muda mfupi alijiona mtu aliyetua mzigo. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Solapur, na gari lile jeupe lenye mlango wa kuteleza ubavuni ndilo lililombebea taa, mapazia na viti vya maharusi. Sasa macho yake hayakuwa yale ya zamani, na vijana walikuwa wamekuja na kamera zinazoruka angani kama kunguru.

Mnunuzi, jina lake Popat Ghule, alikuwa mtu wa maneno matamu. Alikaa sebuleni akala sahani mbili za poha, mchele bapa wenye viungo, za Kusum, mke wa Dinkar, akaisifia chatne ya karanga, akatia sahihi mkataba wa mauziano. Fomu za kuhamisha umiliki, ambazo Dinkar alikuwa ameshazitia sahihi upande wake, akazikunja na kuziweka mfukoni. Akaapa kwamba Jumatatu asubuhi angekuwa mtu wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya usajili wa magari.

Jumatatu hiyo haikufika.

Dinkar alikuwa kwa kinyozi, povu limemjaa mashavuni, simu ilipolia kwa ujumbe ulioingia. Ilikuwa faini ya kupita taa nyekundu katika mji wa Barshi, pamoja na picha iliyopigwa na kamera ya barabarani. Gari lilikuwa lake, hata ule mlango uliobonyea siku ya harusi ya mpwa wake ulionekana. Akampigia Popat, simu ikaita mpaka ikachoka. Ikaja faini ya pili, makutano yale yale, kisha ya tatu. Kufikia hapo namba ya Popat ilikuwa haipatikani kabisa.

Faini zilimuudhi, lakini sizo zilizomnyima usingizi. Mtaani kwao kulikuwa na bwana mmoja aliyeuza pikipiki, mnunuzi akamgonga mtu akakimbia, na polisi wakaja kugonga mlango wa yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya usajili. Dinkar alitaka jina lake litoke. Alitaka bima isitishwe, iandikwe mahali kwamba yeye na gari lile wameachana.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mashuka. Binti wa dirishani, mpole, mwenye miwani mikubwa, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti, gari hili si langu tena," Dinkar alisema.

"Kwenye kompyuta ni lako, mzee wangu."

"Mkataba huu hapa. Si umeuona?"

"Nimeuona. Kompyuta ndiyo haijauona."

Akaelezwa kwamba bima haisitishwi mpaka kadi ya gari iwe na jina la mnunuzi. Akaenda ofisi ya usajili, wakamwambia amlete mnunuzi. Akasema mnunuzi hapatikani. Wakasema basi alete barua ya polisi. Polisi wakamuuliza kama gari limeibiwa, akasema hapana, ameliuza mwenyewe. Wakamuuliza sasa kosa liko wapi. Akarudi bima, akakuta mtandao umelala, na watu wamekaa kwenye mabenchi wakiusubiri uamke. Alipigwa danadana hivyo hadi baridi ikaingia, na nyumbani akawa hasemezeki.

Mwishowe meneja wa bima alimhurumia, au labda alichoka kumwona. Akasema akipata barua ya polisi ya kuthibitisha kwamba mnunuzi ametoweka, aje nayo pamoja na mkataba, asaini tamko, bima itafutwa. Barua ikapatikana, kwa kuomba na kubembeleza. Miadi ikawa Alhamisi.

"Basi kasaini umalize, Baba Anagha," Kusum alimwambia huku akimwekea mkate wa mtama. "Siku hizi hata mkate unagombana nao."

Lakini Dinkar alikuwa na nyongo ya miezi mizima, na nyongo hiyo haikutaka tamko, ilitaka mtu. Faini zote zilitoka makutano mamoja. Jumatano alfajiri akapanda basi la Barshi, akaketi kwenye kibanda cha chai kilichotazamana na taa zile, akasubiri. Njia nzima alikuwa akiyapanga matusi yake, akiyapunguza na kuyaongeza.

Gari likaja kabla hajamaliza chai ya pili. Juu ya paa yalifungwa mabegi ya shule, ya rangi zote. Ndani walikuwa watoto, wamebanana, wengine wamepakatana, vitambulisho vikining'inia shingoni. Usukani ulishikwa na mwanamke wa makamo aliyejifunga ushungi wa kijani. Aliwashusha kwenye lango la shule mmoja mmoja, akimfunga huyu kamba za viatu, akimpangusa yule mafua kwa ncha ya ushungi.

Dinkar alimngoja mpaka mtoto wa mwisho aingie, kisha akamwendea na kujitambulisha. Yale matusi aliyatafuta, hayakuwepo.

Mwanamke alikuwa Jarina Mulani. Gari alilinunua kwa Popat Ghule, ambaye hakukaa nalo hata mwezi mmoja. Popat mwenyewe alikuwa ameshakwenda Muscat kutafuta kazi. Habari za faini hakuzijua, hakuna ujumbe wowote uliomfikia.

"Na karatasi za gari je?" Dinkar aliuliza.

"Aliniambia ziko njiani. Kila kitu cha Popat kiko njiani, mzee."

Ndani ya basi la kurudi Dinkar alitazama mashamba ya miwa yakipita. Akisaini kesho, watoto wale wangepanda gari lisilo na bima yoyote. Asiposaini, angebaki na mzigo ule ule. Kusum aliposikia habari hiyo alishika shavu.

"Ulikwenda kumvunja mtu shingo," alisema, "umerudi na watoto wa watu kichwani."

Alhamisi alikwenda bima kama alivyoagizwa, ila hakuishika kalamu. Alimuuliza binti wa miwani swali moja: watoto wale wakipatwa na ajali leo, bima iliyopo itawalipa?

"Wanatoa nauli?"

"Wazazi wao hulipa kwa mwezi."

Binti akaivua miwani yake. "Basi hapana, mzee wangu. Hiyo ni bima ya gari la nyumbani. Abiria wa kulipa hawamo."

Dinkar alirudi kwenye benchi. Kumbe kinga aliyokuwa akiogopa kuwaondolea watoto haikuwepo tangu mwanzo. Hasira yote ikamrudia, na safari hii hakumwona wa kumtupia. Popat alikuwa ng'ambo ya bahari. Yule binti alikuwa amesema kweli. Ndipo lilipomjia jambo ambalo angelifikiria tangu jana kama hasira ingempa nafasi: kadi bado ina jina lake, kwa hiyo anaweza kusaini fomu mpya na kumhamishia Jarina moja kwa moja, Popat asihusike. Akamuuliza binti, binti akasema inawezekana. Kwa nini hakumwambia mapema? Kwa sababu Dinkar hakuuliza.

Alirudi Barshi akiwa na fomu mpya, akidhani analeta habari njema. Jarina alifurahia habari ya kadi. Dinkar alipofika kwenye ile ya watoto, kwamba gari lazima lisajiliwe upya kama la shule, lipakwe rangi ya njano, lipate kibali na bima yake, uso wa mwanamke ukakunjamana.

"Na mpaka nipate hivyo vyote?"

"Usiwapakie, dada. Pakitokea lolote utafungwa."

"Unajua watapanda nini? Watapanda riksho ya magurudumu matatu ya dereva mmoja, Bhosle, wananing'inia nje kama nguo kwenye kamba." Akamtazama. "Ungekaa kimya ingekuwaje?"

"Ungeendelea kuwapakia."

"Basi ungekaa kimya, mzee."

Dinkar alimkabidhi fomu. Aliyajua yote mawili, kwamba amesema kweli na kwamba amemkatia mwanamke yule riziki, na hakuna hata moja lililolifuta jingine.

Walikutana ofisi ya usajili mwezi wa Januari. Jarina alisaini alipoonyeshwa, akaitikia salamu, basi. Aliyeipokea fomu yake aliigonga muhuri bila kuinua macho, kazi ya dakika chache, na Dinkar akatamani kulia kwa uchache wa dakika zile. Wiki iliyofuata bima yake ikafutwa. Ujumbe ulimkuta mezani. Aliusoma, akaugeuza uso wa simu chini, akaendelea kula. Furaha aliyoingoja tangu Diwali hakuiona. Aliona riksho tu.

Barshi hakwenda tena, ingawa mara mbili alifika mpaka kituo cha basi.

Mwezi wa Juni, mvua za kwanza zimeshanyesha na shule zinakaribia kufunguliwa, simu ililia. Alikuwa Jarina. Alizungumza kwa haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana amepiga. Aliuza bangili zake, shemeji yake akamsaidia kupaka rangi, na kibali kimetoka jana. Watoto watatu kati ya wale walihamia gari jingine, waliobaki wamemngoja.

"Limebaki la bima," alisema. "Mimi ofisi hizo sizijui. Niende wapi?"

"Popote," Dinkar alisema, "isipokuwa pale nilipokuwa mimi."

Alikuwa karibu kuaga, akajizuia. Aliikumbuka miwani ikivuliwa.

"Hapana, ngoja. Nenda pale pale. Huku Solapur, ghorofani, juu ya duka la mashuka. Mwulize yule binti wa dirishani kila kitu, hata unachodhani hakikuhusu. Usipouliza, hasemi."

Jarina akacheka kidogo, mara ya kwanza. Akauliza ofisi hufunguliwa saa ngapi. Dinkar akamwambia awahi, kabla mtandao haujalala.